Nahodha Aliyeagizwa Apunguze Mwendo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka nahodha wa meli ya mizigo ya jeshi, aliyefariki juzi kwa maradhi ya moyo. Kazini walimwita Polepole. Mwanzoni lilikuwa jina la utani. Baadaye likawa tusi.

Polepole aliwapelekea askari wa ng'ambo mahema, saruji na mitambo ya kusafisha maji. Mzigo mzito huenda kwa meli, kwa sababu ndege inakunywa mafuta mno. Hata meli, ukiikimbiza, nayo inakunywa. Ukipunguza mwendo kidogo tu, unaokoa mafuta mengi. Hilo kila nahodha analijua.

Mkuu wa usafirishaji alikuwa rafiki yake. Si rafiki wa salamu za njiani, la. Ndiye aliyemsimamia harusi. Watoto wa nyumba ya Polepole wanamwita Baba Mkubwa. Jioni moja alikuja kula, akalalamika kwamba wakubwa wanamkaba koo kuhusu mafuta. Mjane anasimulia:

"Nilikuwa namimina chai. Akasema, 'Ndugu yangu, kuanzia safari hii punguza mwendo. Mzigo ukichelewa, lawama ni zangu.' Nikamtania, 'Shemeji, huyu hata kuoga anachelewa, bado unamwongezea?' Tukacheka sote."

Akapunguza. Sikieni vizuri: aliagizwa, ndipo akapunguza. Mafuta yakaokolewa. Baba Mkubwa akapandishwa cheo, na Polepole akampigia makofi kwa moyo mweupe.

Kisha visima vya kambini vikaingia uchafu, na mitambo ya maji ilikuwa bado baharini. Askari wakaanza kuharisha. Ikabidi ndege zipeleke mitambo mingine haraka. Asubuhi moja tu, zikachoma mafuta yote yaliyookolewa kwa miezi. Wakubwa wakaja juu: nani aliiacha meli ijikokote?

Baba Mkubwa akamruka kimanga. Mbele ya kamati ya uchunguzi, macho makavu, akasema: "Sikumwagiza. Ni uvivu wake."

Agizo lilikuwa la mdomo. Aliyelisikia ni mke, na mke hakuitwa. Polepole akavuliwa cheo.

Hakumfuata mtu kugombana. Simu ikilia, aliinua kichwa. Binti yake anasema:

"Baba alikuwa akisema, 'Atapiga tu.' Nikamwambia, 'Baba, amka! Huyo amekuuza.' Akanikemea: 'Usimseme vibaya baba yako mkubwa.'"

Baba Mkubwa hakupiga.

Leo asubuhi amepiga. Si kwa mjane. Amepiga hapa studio, kisha akatuma rambirambi nizisome hewani. Zinaanza: "Ndugu yangu, nahodha hodari." Nikampigia mjane kumuuliza. Akanijibu, "Hodari? Basi aje aseme hivyo mbele ya waliomwita mvivu." Kwa hiyo sitazisoma zaidi ya hapo.

Tunawapa pole mjane, binti, na mabaharia waliosafiri naye. Nanyi mnaonisikiliza, kabla hamjalala, jiulizeni ni nani anayebeba lawama ambayo ni yenu. Halafu mfuateni angali hai.

Maziko ni kesho asubuhi. Baba Mkubwa, najua redio yako imewashwa. Mjane anasema kiti chako kwenye safu ya familia hajakiondoa. Ila kabla hujakikalia, simama mbele ya watu, useme maneno mawili tu: "Mimi nilimwagiza."