Maisha ya Fundi Bado, Mchonga Miguu

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, jukumu la kuwasomea safari yake, nami nitaisoma kama tulivyoiandika jana mezani kwake, bila kumpamba, maana mwenyewe hakupenda kazi iliyopakwa rangi kuficha nyufa.

Marehemu, mtoto wa pili kati ya watatu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika chumba cha uani nyuma ya ofisi ya posta, ambako baba yetu alikuwa mpanga barua. Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971, akifaulu kwenda sekondari, lakini baba alifariki mwezi huohuo matokeo yalipotoka, na nafasi yake ikapita hivihivi, naye hakulia wala hakulalamika, ila daftari zake za darasa la saba alizifunga kwa kamba na kuzihifadhi hadi juzi.

Tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa kufagia karakana ya viungo bandia ya hospitali, chumba kirefu chenye madirisha mawili nyuma ya sehemu ya kufulia mashuka, na kwa kuwa alifagia vumbi la plasta akitazama mikono ya mafundi, si ufagio, mzee wa karakana alimpa tupa na kipande cha mti, akamwambia achonge kisigino, akakichonga mara tisa. Tarehe 1 Julai 1981 akathibitishwa kuwa fundi kamili.

Mwaka 1983 lilitokea jambo ambalo hakulisimulia kwa watu, tulilijua kwa mkewe. Alimtengenezea mguu mama mmoja mpishi wa shule, mguu ukakaguliwa, ukapitishwa, wenzake wakasema umetosha, naye akaona pale juu pamebana kidogo lakini akanyamaza, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Baada ya miezi mitatu yule mama alirudishwa na kidonda kilichooza, akakatwa tena, juu zaidi ya mwanzo, na fundi alipomuuliza kwa nini hakurudi mapema, mama alimjibu kwa upole kabisa, “Fundi, nilidhani miguu hii ndivyo inavyouma.”

Tangu siku hiyo kila aliyemuuliza kama mguu uko tayari alijibiwa “bado”, naye fundi akimtembeza mgonjwa kati ya vile vyuma viwili vya kushikilia, aende, arudi, avue, avae, aende tena, hata mwalimu mmoja aliyechoka akamwambia, “Nimeshakuwa mzima, fundi, niache niende nyumbani,” naye akapiga magoti kumpapasa goti na kusema, “Bado, Mwalimu, unachechemea kwa adabu tu.” Hivyo akaitwa Fundi Bado, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye karatasi za mshahara.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya mifupa, ambaye yuko nasi hapa leo, na amekubali haya yasomwe. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, tarehe 22 Novemba 1984. Marehemu aliwapenda, hilo halina ubishi, ila alijua njia moja tu ya kupenda, nayo ilikuwa kurekebisha. Mwaka 1995 binti alikuja mbio na ripoti ya shule, wa pili kati ya wanafunzi arobaini na sita, na baba akaisoma yote, akavua miwani, akauliza, “Umekosa maswali gani?” Mwaka uliofuata mkewe alimwambia, “Baba watoto, mimi si plasta, siwezi kuchongwa kila siku,” wakaachana bila kelele, mama na mtoto wakahamia mji mwingine, na marehemu akabaki na vyumba viwili, kiti kimoja kikitumika na vitatu vikiwa safi. Alivifuta vumbi kila Jumapili, vyote vinne.

Januari 2009 aliomba ruhusa ya kurudi shule, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja, ili apate cheti cha sekondari na baadaye stashahada ya kazi aliyoifanya tangu ujana, na mkuu wake alimwambia, “Umebakiza miaka minane ustaafu, tulia mzee wangu,” naye akamuuliza miaka minane ni miguu mingapi. Alikaa dawati la mwisho katika darasa la jioni, magoti yakigusa mbao, miongoni mwa vijana waliomwamkia shikamoo wakidhani ni mwalimu. Mwaka 2010 alifeli hesabu. Alirudi nyumbani na karatasi ya matokeo, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Siku hiyo alimpigia simu binti yake, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa hesabu na walikuwa hawajazungumza karibu mwaka mzima, akamwambia, “Nimepata thelathini na nne.” Binti akasema, “Umekosa maswali gani, baba?” Anasema alisikia baba akivuta pumzi, halafu akasikia, kwa mara ya kwanza maishani, “Nisamehe, mama.”

Kila Jumamosi binti alimfundisha baba yake kwa simu. Mwaka 2011 marehemu alifeli tena, mwaka 2012 akapata sitini na moja, na tarehe 18 Novemba 2016 akavaa joho la stashahada, miezi isiyofika minne kabla ya kustaafu. Lakini baada ya masomo kwisha zile simu zilipungua, kwani baba na mwana walikuwa wamejifunza kuzungumza kupitia hesabu tu, na Jumamosi moja baba alimpigia kumuuliza swali la pembetatu ambalo jibu lake, tumelikuta, alikuwa ameshaliandika daftarini. Binti alijua. Alimweleza polepole, hatua kwa hatua, mpaka mwisho.

Mwaka 2021 alianza kutetemeka mikono, daktari akagundua maradhi ya mishipa ya fahamu, na fundi aliyechonga kwa unene wa unywele akashindwa kufunga vifungo. Alinunua daftari za darasa la kwanza, zenye mistari mipana, akawa anaandika a, e, i, o, u kila asubuhi, na ukurasa wa mwisho, wa tarehe 26 Mei 2024, herufi zake zimenyooka kuliko za mwezi uliotangulia. Siku iliyofuata alianguka, akalazwa, na tarehe 3 Juni 2024, saa saba na robo mchana, wageni wakiwa wametoka na binti yake akiwa bado njiani, akatutoka, peke yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, mafundi wa karakana waliompelekea vipimo vyao avikague hata alipokuwa hawezi kushika rula, na ninyi nyote mliokuja leo kwa miguu aliyowatengenezea, tumewaona mkipanda ngazi. Wa mwisho tunayemshukuru ni mama jirani wa ukuta mmoja, ambaye hakuwahi kuingia kwake hata siku moja, ila kwa miaka mitatu kila alfajiri aligonga ukuta mara mbili, akasubiri mpaka naye agonge, ndipo akaenda kuwasha jiko lake. Asubuhi ya tarehe 27 Mei aligonga, akagonga tena, akatoka kuita watu. Juzi alfajiri, tukiwa chumbani kwake, tumesikia akigonga.

Kaka, pumzika sasa, kwa amani.