Mama Moto Mdogo na Kidonge cha Shaba

Tunamsindikiza dada yetu, ambaye kazini na nyumbani aliitwa Mama Moto Mdogo. Alizaliwa tarehe 14 Februari 1968, binti wa pili wa mfua vyuma, akakulia kwenye joto la karakana ya baba.

Alisoma fizikia hadi chuo kikuu. Mwaka 1996 aliajiriwa maabara ya chuo hicho, kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, na ujana wake wote ukaishia humo. Kazi yake ilikuwa kuchoma vidonge vya unga wa oksidi ya shaba uliochanganywa na madini mengine. Kidonge kikitoka motoni mara ya kwanza huwa na usumaku ndani yake, na umeme hupita kwa taabu. Ukikichoma tena pasipo hewa, kisha ukakiacha kipoe taratibu, usumaku hufifia, na kwenye baridi kali umeme hupita bila kizuizi chochote. "Moto mdogo mdogo, jamani," aliwaambia wanafunzi. "Anayeniharakisha atoke nje."

Tarehe 3 Agosti 1997 aliolewa na fundi cherehani, wakajaliwa binti mmoja. Shemeji ndiye aliyepika miaka yote, maana huyu mtaalamu wetu wa moto aliunguza kila sufuria aliyokabidhiwa. Hata chai ilimshinda!

Machi 2023 daktari alimkuta na uvimbe tumboni, akataka apasuliwe upesi. Dada akagoma. Kidonge cha mchanganyiko mpya, alichokihangaikia miaka nenda miaka rudi, kilikuwa tanuruni. "Kikipoa tu, nakwenda," alisema. Shemeji akashindwa kuvumilia. Alikwenda maabara, akazima tanuru na kufungua mlango huku ndani kukiwa bado kwekundu. Hewa ikaingia, kidonge kikaharibika, usumaku ukabaki palepale. Masikini, alidhani anamwokoa mkewe.

"Ungejuaje, mume wangu?" dada alimwambia, akimfuta machozi. Kisha akaanza upya. Tulimsihi, tukamgombeza, wapi! Alipokubali kupasuliwa, uvimbe ulikuwa umeshasambaa. Inauma, na hatutajifanya haiumi.

Alifariki asubuhi ya tarehe 19 Juni 2023. Bado tuko wodini, mwenzake wa maabara akaingia akihema: kidonge cha pili kimepimwa, umeme umepita bila kizuizi. Shemeji alifunua shuka, akamwinamia sikioni. "Kimekubali, mke wangu," alisema. "Kimekubali."

Ameacha mume, binti, na mdogo wake anayesoma maneno haya. Mama Moto Mdogo apumzike kwa amani. Leo hakuna wa kumharakisha.