Mwenzake wa Kilemba cha Kijani

Ndani ya basi sikuwa nasikiliza. Masikio yalijipeleka yenyewe. Fundi cherehani alimuuliza jirani yake, "Dada, kila asubuhi unapita dukani kwangu unatembea. Yule mwenzako wa kilemba cha kijani, mbona humngojei?"

"Natembea peke yangu." Dada alimgeukia. "Kilemba hicho nilimfunga mimi, nywele zilipokatika. Tulitibiwa saratani ya matiti pamoja. Daktari akasema dawa zimechosha moyo, tutembee. Yeye kila siku kesho, kesho, mpaka moyo wake ukasimama."

"Basi acha kutembea!"

"Nikiacha, si nitamfuata?"

"Ukitembea anakufuata yeye!"

Nilicheka, nikajuta. Dada akakaza kamba za raba, akainuka peke yake. Kondakta akagonga bati: "Simama, dereva, wanashuka wawili!"