Bomba la Moshi la Nibaldo

Mvua ya mji mdogo wa Quilapán ikianza haijui kwisha. Asubuhi hiyo watu wa benchi, lile lililo chini ya paa la kituo cha zimamoto, walikuwa wamejibana bega kwa bega, vikombe vya kahawa mkononi, wakimsubiri Mama Orfelina aopoe sopaipilla zake, maandazi bapa ya boga, kwenye mafuta. Katikati yao alikaa Nibaldo, fundi baiskeli na zimamoto wa kujitolea, macho mekundu kwa moshi. Jana jioni aliitwa kuzima moto ng'ambo ya mto, akauzima. Aliporudi kwake akakuta ukuta wa jikoni mweusi tii. Bomba la moshi la jiko la kuni lilikuwa limeshika moto, na mkewe, Yasna, ameuzima peke yake kwa chumvi na magunia yaliyolowa.

— Alikugombeza? aliuliza Kipara, dereva wa gari la zimamoto.

— Angenigombeza ningeshukuru. Kaniambia chakula kipo, basi. Asubuhi hii namwona anakunja nguo anatia kwenye begi.

— Begi la safari?

— Sasa Kipara, la nini, la kuogea?

Askofu akakohoa. Huyu ni fundi viatu mstaafu, jina kapewa kwa mahubiri yasiyoisha.

— Tatizo ni harufu. Mwanamke gani atalala na mtu anayenuka moshi kila siku? Ataona kaolewa na soseji.

— Acha hizo, mzee. Wangu mimi alizoea.

— Wako alikuacha, Kipara.

— Hakuniacha kwa moshi! Kaniacha kwa king'ora. Kile kitu kinaharibu damu. Kaulize kuku wa padri, tangu tufunge king'ora kipya hawatagi.

— Hapo umesema! alidakia Askofu. Serikali ipige marufuku zimamoto kuoa. Au waoe viziwi tu.

— Kiziwi naye anaona kitanda kitupu, alisema Orfelina bila kugeuka.

Nibaldo hakucheka. Kila akinyanyua kikombe analiona lile begi. Tangu kabla baridi haijaanza Yasna alikuwa akimwambia, Nibaldo, safisha bomba. Naye huyo, mji mzima anapanda mapaa ya watu kuwasafishia yao, la kwake analisogeza hadi Jumapili. Na Jumapili king'ora kinalia. Alimpenda mkewe, na alijionea aibu.

— Mimi ningemwandikisha kikosini, alisema Kipara. Mnapanda gari moja, mnazima moto mmoja, ndoa imepona.

— Na jikoni anabaki nani? aliuliza Askofu.

— Kuku wa padri!

Pembeni alikuwa amejikinga mvua dada mmoja mgeni, muuguzi mpya wa zahanati, anakula sopaipilla yake huku akiwasikiliza.

— Samahani, kaka. Huyo shemeji namba ya kituo hana?

— Hana? alishangaa Nibaldo. Yeye ndiye aliyeizungusha nyumba kwa nyumba, watu waishike kichwani.

— Na simu alikuwa nayo?

— Mfukoni mwa aproni.

— Sasa mbona hakupiga?

Askofu, mtu wa mahubiri, akaanza kutazama mvua.

— Nenda nyumbani, mwanangu, alisema Orfelina taratibu. Basi la kwenda Valdivia linaondoka mchana.

— Nikamwambie nini?

— Sijui. Nenda tu.

Nibaldo akainuka, akavuta kofia, akatembea mpaka kwenye kona ya duka la mikate. Hapo akasimama. Nyumba za watu zinazowaka ameziingia bila kujiuliza, lakini hii ya kwake miguu ilikataa kabisa. Akarudi na mvua yake mabegani, akakaa palepale alipotoka.

— Nitilie kimoja, mama. Nikimaliza hicho naenda.

Orfelina akaliinua birika la kahawa, akaliinamisha mbele yao wote. Halikutoka hata tone.

— Imekwisha, Nibaldo.