Jua la Stockholm

Lori la kutoka Merti lilikaribia Isiolo jua likiwa limeinama. Bisharo, aliyeketi juu ya magunia yake, hakuliondolea jua macho: likizama tu kafyu imeanza, na anayepatikana nje huitwa shifta, yaani mwasi.

Karani wa Kimeru aliyekaa kando yake, Salesio, hakuwa na habari. Mawazo yake yalikuwa Stockholm, alikosoma miezi sita. "Huko mwezi wa sita, mama, saa nne usiku mwanga bado iko. Watu wanatembea tu kando ya maji, pole pole."

"Muongo wewe," alisema Bisharo, huku akisogea asikie zaidi. Alijiona kando ya maji hayo, kivuli chake kirefu, hana haraka. "Na kafyu inaanza saa ngapi?"

"Hakuna kafyu."

"Mji mkubwa hivyo? Sasa watu wanajua aje saa ya kuingia nyumbani?"

"Wakichoka, wanaenda."

Bisharo alitikisa kichwa. Hata uongo una mipaka. "Kitinda mimba wangu hajawahi kuona nyota, bwana karani. Jioni namfungia ndani."

"Hata wao Juni hawaoni vizuri. Giza haiingii."

Lori likasimama ghafla kwenye kizuizi cha askari. "Shukeni! Mikono juu!"

Bisharo akainua mikono, na macho yakafuata. Nyota moja ilikuwa imeshatoka.