Maili za Mama Gentil

Mzee Wellars alikuwa amefungua gazeti, lakini tangu basi la Nyakiriba lilipotoka Gisenyi alikuwa akisoma kwa masikio. Mbele yake Umuhire, mwanamke anayepanda ndege kwenda Dubai kununua nguo za kuuza, alimweleza bwana wa kiti cha pembeni kwamba shirika la ndege limebadilisha sheria. Sasa maili, zile pointi za safari zinazolipia tiketi, unaweza kumpa mtu yeyote, si ndugu tu.

"Zangu zote napatia Mama Gentil, jirani. Kila safari ni yeye alibaki na batoto yangu. Naenda kumuambia leo, aende Nairobi kuona Gentil wake."

"Zote? Mama, we uko muzima? Bila maili kadi yako ya dhahabu, ya kupita mbele, inakwisha! Utapanga mustari na sisi!"

"Bon, sawa, nitapanga. Miguu iko."

"Jirani unamupatia kitenge, si ndege!"

"Na mutu akikupa ng'ombe, haumurudishie ndama?"

Wellars, ambaye ndege huziona zikipita juu tu, aligeuza ukurasa kwa kuridhika.

"Ng'ombe ni ng'ombe, maili ni maili," akasema bwana. "Dada yangu pia analinda nyumba yangu. Hajaniomba maili hata siku moja."

"Umeshamuuliza?"

Basi likasimama Rugerero. Bwana akashuka bila kukubali, akinung'unika, simu sikioni. Dirishani Wellars akamsikia: "Dada, ni mi, Ndahiro. Ndege ikikubeba bure, ungeenda kuona nani?"