Historia ya Marehemu Evarista, Mama wa Madebe ya Chumvi

Baba Paroko, mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji, naomba radhi mapema kabla hamjanikasirikia, kwa sababu historia hii nitaisoma vibaya. Aliyestahili kusimama hapa ni kaka yangu Castory, mume wa marehemu, lakini sauti imemkauka tangu juzi, ukoo ukakaa, ukajadili, ukaona kwamba katika watu wote wa Kizota anayefaa kusema maneno ya heshima mbele ya jeneza ni mimi, mtu aliyekula miaka yote hii kwa kuchekesha watu jukwaani, ambaye hata akipiga kelele kwamba nyumba inaungua, majirani huvuta viti wakasubiri mwisho wa kichekesho. Nivumilieni. Nikikosea tarehe, Violeth, binti wa marehemu, amekaa hapo mbele kunisahihisha, na macho hayo mnayaona, ni ya mama yake.

Marehemu Evarista alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika kijiji cha Busi, wilayani Kondoa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Cornel na Mama Anjelina, akaanza shule hapo hapo kijijini mwaka 1957, akaendelea Kondoa mjini, na mwaka 1968 akaenda Mpwapwa kusomea kilimo na mifugo, ambako, kwa maelezo yake mwenyewe, wasichana darasani walikuwa watatu na wawili kati yao walikuwa wanaogopa ng'ombe. Hakuwahi kutuambia yeye alikuwa yupi.

Mwaka 1970 aliajiriwa serikalini kama bibi shamba, na tarehe 22 Juni 1974 alifunga ndoa takatifu hapa Dodoma na kaka yangu Castory Mazengo, fundi wa kuchomelea vyuma, Mungu akawajalia watoto wawili, Raheli mwaka 1976 na Violeth mwaka 1980, na katikati yao mimi, niliyekuja kuwatembelea wiki moja baada ya harusi, nikaondoka mwaka 1983.

Mwaka 1986 alihamishiwa kijiji cha Igongo Bondeni, upande wa Bahi, akakuta bonde ambalo kila kiangazi ardhi yake inatoka unga mweupe juu, mahindi yanaungua ncha za majani, uwele unasimama kimo cha goti na kukata tamaa. Alihangaika na bonde lile hadi mwaka 1993, alipopunguzwa kazini pamoja na wengi wa rika lake, katika miaka ile ya ruksa ambapo maduka yalijaa bidhaa na ofisi zikabaki na viti. Alipokea barua yake, akarudi nyumbani, akafua sare zake za kazi, na kesho yake alfajiri akapanda lori kurudi Igongo, kwa sababu mfanyabiashara mmoja alikuwa anawashawishi wanakijiji wamwachie bonde lote kwa bei ya kutupa, akisema ardhi imekufa, na Evarista alikuwa amesimama mkutanoni akawaomba wasikubali mpaka awaletee jibu. Jibu lenyewe, ndugu zangu, hakuwa nalo.

Alichokuwa nacho ni kichaka kimoja cha majani ya kijivu kinachomea ukingoni mwa bonde, ambacho watu wa kule hukiita mchumvichumvi na mbuzi hukila wakikosa kingine. Alitaka kujua kinavumilia chumvi kiasi gani, akipande wapi na asikipande wapi, akamwambia mumewe ampakie rangi madebe, akayapanga uani kwa safu nne, safu nyeupe ikinywa maji matupu, ya njano maji yenye chumvi kidogo kama ya mchuzi, nyekundu chumvi ya kukunja uso, na nyeusi chumvi ambayo ukiionja unataja jina la mama yako. Jirani yetu Bi Nasma, aliyezoea kuazima chumvi kwetu, siku hizo akageuka kuwa ndiye anayeazimwa, na alikuwa anasema waziwazi kwamba familia ile inapika udongo.

Mwezi Julai 1994 Mama Anjelina aliugua, Evarista akaenda Busi kumuuguza, akaniachia mimi kumwagilia, kila rangi na ndoo yake. Nilimwagilia, naapa. Aliporudi alikwenda uani kabla hata ya kuvua kitenge cha safari, akakuta safu nyeupe, ile iliyokuwa inakunywa maji safi kama mgeni wa heshima, imedumaa na kupauka, na safu ya njano imenawiri mpaka inamwagika nje ya madebe. Aliyatazama madebe, akanitazama mimi, akayatazama tena madebe.

“Shemeji,” akaniambia, “haya ni madebe, si jukwaa.”

Niliapa kwa kila ninachokijua kwamba sikubadilisha ndoo, lakini kiapo cha mchekeshaji nani anakipokea, hata kaka yangu wa tumbo moja aliguna akaingia ndani. Evarista alimwaga yote, akaosha madebe, akaanza upya kwa mikono yake, na mlango wa uani ukafungwa kwa kufuli lililotengenezwa na kaka yangu huyo huyo. Wakati huo watu wa Igongo walikuwa wanatuma salamu kila wiki kwamba mnunuzi amerudi, mnunuzi ameongeza pombe, wazee wameanza kulegea, na shemeji angeweza kabisa kuwapelekea nusu ya jibu, wengi wetu tungefanya hivyo. Alikataa. Alisema hatawaambia watu wabaki na ardhi yao kwa kutumia madebe yaliyoguswa na mimi.

Jumamosi moja ya Agosti 1995 nilikuwa ukumbini hapa mjini, nimevaa gauni na kilemba, naigiza mama mkwe mlevi, ukumbi umejaa, ndipo nikamwona Evarista anapanda jukwaani kwa ngazi za mbele, mkono mmoja ameshika mche mdogo uliopauka, mkono wa pili kichaka kizima na mizizi yake, udongo unadondoka.

“Shemeji,” akasema, “ni mmea. Si wewe.”

Ukumbi ulipiga makofi, walidhani ni sehemu ya mchezo. Akanieleza pale pale, mgongo kawapa watazamaji, kwamba kile kichaka kikikosa chumvi kabisa kinanuna, kikipata kidogo kinashangilia, ikizidi kinapunguza mwendo, kinanenepesha majani na kutoa chumvi juu yake kama vumbi, ikizidi sana kinabaki hai tu bila kukua, na ikipita hapo kinakufa kama mmea mwingine wowote.

Mwezi uliofuata alisimama mbele ya mkutano wa Igongo akawaeleza hivyo hivyo, wala hakupamba maneno, akawaambia katikati ya bonde penye weupe wa kung'aa wasipande kitu, hata kichaka hiki hakipawezi, pembezoni mwake wazungushie mchumvichumvi, na nje zaidi wajaribu mtama. Mnunuzi akauliza kwa kejeli kama sasa mbuzi watalishwa chumvi.

“Watalishwa,” akajibu, “na watakunywa maji kukushinda wewe pombe, kwa hiyo tunaanza na kisima.”

Mikono ilinyooshwa, bonde likabaki. Mwanzoni mwa 1997 mvua ilipokataa, mbuzi wa Igongo walikuwa na majani, na wenye mbuzi hao wamekaa pale upande wa kulia, wamekuja na lori tangu jana, ardhi yao ingali yao.

Mwaka 1998 marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, baadaye figo, na daktari akamkataza chumvi. Nilimkuta mezani ameikodolea macho sahani ya mboga, akaniambia kwa uso wa kununa, “Shemeji, leo na mimi nimekuwa debe jeupe.” Aliendelea kwenda Igongo hadi Februari mwaka huu, na tarehe 9 Mei 1999, saa kumi na moja alfajiri, aliaga dunia hospitalini hapa Dodoma, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana naye bega kwa bega, wafanyakazi wenzake wa zamani, majirani wa Kizota, hasa Bi Nasma aliyelala nasi msibani tangu siku ya kwanza, na ndugu zetu wa Igongo. Lala utulie, shemeji Evarista, jibu ulilifikisha.

Tangazo la mwisho. Mchuzi unaochemka huko nyuma ni wa mbuzi wa Igongo, waliokua kwa majani yale yale, na kamati ya mazishi, sijui kwa kufikiri nini, ilinipa mimi kutia chumvi. Atakayeona imezidi asiwasingizie mbuzi wala majani. Safari hii si mmea, ni mimi.